Mpishi Aliyesingiziwa Samaki wa Paka

Kuna matusi mtu anaweza kumeza na maji. Ukiambiwa wewe mvivu, unameza. Ukiambiwa ugali wako una madonge, unameza pia, ingawa unakwaruza koo ukishuka. Lakini Joash Obura, mpishi wa Memsahib Penrose kule Njoro, aliambiwa mbele ya watu kwamba anakula chakula cha paka. Hilo halimezeki. Hata ukilitafuna mwaka mzima, litabaki mdomoni.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, baridi ya Julai ile inayoshuka kutoka milima ya Mau na kumfanya mtu aongee na meno yake. Memsahib alitoka kwa mlango wa jikoni amembeba paka wake kifuani kama mtoto mchanga. Aliita kila mtu aliyekuwa uani: mfua nguo, mtu wa bustani, wakamuaji waliokuwa wakipakia mitungi ya maziwa kwenye lori ya krimu, hata dereva wa lori mwenyewe. Wakakusanyika. Joash naye akatoka, mikono bado ina unga.

"Nyinyi yote angalia hii paka," Memsahib akasema kwa kile Kiswahili chake cha shambani. "Naona mifupa? Samaki nafika kwa gari moshi. Samaki napikwa. Sasa naenda wapi?"

 Nani angejibu? Akageuka, akamtazama Joash kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mimi najua. Joash ni Mjaluo. Mjaluo na samaki, mimi najua sana."

Akaingia ndani na paka wake, mlango ukafungwa. Kipketer, mkubwa wa wakamuaji, akashindwa kujizuia. Puani ilimtoka sauti kama ya ndama. "Mzee Joash," akasema, "angalau ungemwachia mwenzako kichwa."

Wakacheka. Wote. Hata mfua nguo, ambaye kila siku anakula uji wa Joash.

Sasa, ili ujue jinsi tusi hilo lilivyoingia, lazima umjue Joash ni nani, na samaki mwenyewe alikuwa nani.

Joash alizaliwa karibu na Kendu Bay, akaletwa Nakuru mdogo, maana baba yake alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya reli. Upishi alijifunzia jikoni kwa wamishonari, halafu akapika kwenye behewa la chakula la gari moshi. Huko ndiko mtu anajifunza kukaanga yai sufuria ikiwa inacheza ngoma. Alijua keki, alijua pai ya figo, alijua supu ile ya Kizungu ambayo unaona kijiko mpaka chini. Angeweza kuzeeka relini, ila gari moshi halijui Sabato. Joash ni mtu wa Sabato. Jumamosi hashiki kisu, hawashi moto. Aliomba apewe Jumamosi, wakamcheka, akavua kofia yao akaondoka.

Tafuta basi mwajiri anayekubali mpishi asipike Jumamosi. Alizunguka Nakuru mpaka Molo. Akampata Memsahib Penrose peke yake, mjane, ambaye Jumamosi hula klabu na Wazungu wenzake. Akamkubali. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla jua halijatua Joash alipanda baiskeli akateremka Nakuru, kwenye chumba chake cha Bondeni, kwa mke wake Akeyo na watoto. Jumamosi asubuhi alifundisha darasa la wanaume kanisani. Hilo darasa ndilo lilikuwa utajiri wake. Wanaume wazima, wengine wenye mvi, wanakaa wanamsikiliza mpishi akieleza Neno. Kazi ya Njoro ilikuwa ya kulinda darasa la Jumamosi. Ndiyo maisha yake yalivyokuwa, kwa kifupi.

Na samaki wa paka alikuwa mumi. Yule mweusi, ngozi laini, masharubu marefu. Wengine wanamwita kambare. Memsahib alimwagiza kutoka Kisumu kwa sababu paka wake, Dachesi, alimpenda kuliko kitu chochote duniani. Anafika stesheni ya Njoro amefungwa kwenye kikapu na majani mabichi. Mzungu hali mumi. Na mtu wa Sabato pia hali mumi, kwa sababu nyingine kabisa: samaki asiye na magamba ni najisi, imeandikwa, mwisho. Joash tangu azaliwe hajawahi kumweka mumi mdomoni. Hata pale jikoni alimpikia Dachesi kwenye sufuria ya pekee, iliyokaa chini kwenye kona kama mtu aliyefukuzwa, na akipika aligeuza uso dirishani mpaka maji yachemke.

Kwa hiyo lilikuwa tusi la tabaka mbili. Mwizi, tena mwizi wa paka. Halafu najisi juu yake. Memsahib hakujua hilo la pili. Lakini Kipketer na wenzake walijua, maana Joash aliwahubiria mambo ya magamba mpaka wakachoka.

Lililomchoma zaidi ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kuona paka anaumwa. Tangu mvua za Aprili alikuwa akisema. Aliona Dachesi anakula, halafu anakwenda nyuma ya kabati kutapika povu la njano. Aliona anakunywa maji kuliko ng'ombe. Aliona uti wa mgongo umetoka kama msumeno, lakini tumbo, badala ya kuingia ndani, linavimba upande wa kulia. Alimwambia Memsahib paka ni mgonjwa. Memsahib akasema paka si mgonjwa, paka ana njaa. Akamwambia tena mwezi wa Mei. Akaambiwa arudi jikoni.

Baada ya siku ile ya uani, Memsahib akafunga samaki kwenye sanduku la barafu, ufunguo akauweka shingoni na cheni. Akaanza kumlisha Dachesi mwenyewe, kwa mkono, kwenye sahani yenye maua. Na paka akaendelea kukonda. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Ufunguo uko shingoni mwangu, samaki natoa mimi, mpishi hagusi, na paka bado anakonda. Basi si mpishi. Mtoto wa darasa la pili angelifika hapo. Memsahib akafika kwingine. Akasema Joash amemtisha paka mpaka hataki kula, na kwamba mwisho wa mwezi Joash atafute kazi pengine.

Na maneno nayo yana miguu. Dereva wa lori ya krimu aliyabeba pamoja na mitungi akayateremsha Nakuru. Ijumaa Joash alipofika Bondeni, aliona watu wanamsalimu huku wanakaza midomo. Akeyo alimwekea chakula, akakaa mbele yake, hakula.

"Baba Awuor," akasema, "niambie mara moja tu, na sitauliza tena."

Joash akaweka kijiko chini. Alimwambia kwamba swali lenyewe lingetosha kumfanya yeye Joash akalale nje. Miaka yote hii, mwanamke anayemfulia shati, anayejua hata harufu ya jasho lake, leo amwulize kama amekula mumi, tena wa paka. Akeyo akalia kidogo, akasema si yeye anayeuliza, ni mtaa.

Na kanisani mzee Kang'ethe, mtu mpole, alimvuta pembeni ya mlango. Hakumshtaki. Alisema tu ingekuwa vizuri apumzike kufundisha kwa muda, mpaka mambo yakae wazi, maana unajua watu, lisemwalo lipo. Joash akarudi nyumbani na Biblia kwapani, anatembea kwa hasira mpaka vumbi linamfuata. Lisemwalo lipo! Nani alitunga maneno hayo? Bila shaka mtu ambaye hajawahi kusingiziwa. Ukisema uongo asubuhi, jioni watu wanaupa methali ya kuegemea, na wewe uliyesingiziwa ndiye unatakiwa utafute fimbo.

Akakaa na jambo hilo wiki nzima. Akifikiri huku akikata vitunguu, kisu kinapiga ubao kama askari wa gwaride. Na alichofikia, mtu wa mjini angekicheka. Alisema moyoni: samaki niliompikia huyu paka miezi yote hii ameingia tumboni. Tumbo limevimba, kila mtu anaona. Basi samaki yumo humo humo, ameziba, hashuki wala hapandi. Tumbo likifunguliwa mbele ya mashahidi, watamwona samaki wangu kwa macho yao, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Daktari wa mifugo alikuja Jumatano kumwangalia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye nywele nyekundu, na watu wa mashamba walimwita Bwana Kiwiko, kwa kuwa kila walipomwona mkono wake ulikuwa ndani ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko. Hata siku hiyo ndivyo alivyokuwa, shati kavua, Kipketer ameshika mkia. Joash akaingia zizini na eproni yake nyeupe, viatu vya kung'aa vinazama kwenye mavi, Dachesi mikononi.

"Bwana," akasema, "ukimaliza huyo, nataka umpasue huyu."

Bwana Kiwiko akamtazama juu ya mgongo wa ng'ombe. Akauliza kwa nini.

"Kuna samaki ndani. Nataka hawa watu wamwone."

Kipketer akacheka tena, mkia ukamponyoka, ukampiga Bwana Kiwiko shavuni. Bwana Kiwiko hakucheka. Alimtoa ndama kwanza, jike, mzima, akanawa mpaka mabegani kwa ndoo ya maji moto, halafu akaonyesha sanduku la chakula cha ng'ombe. Joash akamlaza paka juu yake.

Sasa Joash aliona kitu ambacho hakuwahi kuona: Mzungu anauliza maswali na anangoja majibu. Anakula? Anatapika mara ngapi, chakula au povu? Maji anakunywa vipi? Mkojo rangi gani? Alifunua mdomo akatazama fizi, akavuta kope za chini akatazama macho. Akaonyesha njano kidogo, kama chai ya maziwa iliyopoa. Halafu akaanza kubonyeza tumbo kwa vidole vya mikono miwili, polepole, macho yake yakiangalia ukutani kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Huku nyuma figo moja, na nyingine. Utumbo, laini. Akasogea mbele, chini ya mbavu za kulia. Vidole vikasimama.

Akauchukua mkono wa Joash akauweka pale pale. Kulikuwa na kitu kigumu, mviringo, kama pera bichi limejificha chini ya manyoya.

"Ni samaki?" Joash akauliza.

"Hapana. Samaki hawezi kukaa hapa. Hapa ni mahali pa ini. Kuna kitu kimeota."

Joash akasimama na vidole vyake juu ya tumbo la paka. Alikuja kutafuta samaki wake na hayupo. Kwa dakika hiyo aliona kama hata shahidi wake wa mwisho amemkana.

Memsahib akatokea mlangoni mwa zizi, uso mwekundu. Alikuwa ametafuta paka nyumba nzima. Bwana Kiwiko akamweleza kwa Kizungu: uvimbe kwenye ini, wa miezi, labda zaidi. Kizungu cha Joash kilikuwa cha jikoni na cha behewa la chakula, lakini hayo aliyasikia. Aliyasikia na akamtazama Memsahib usoni, anangoja. Alidhani sasa neno litatoka. Hata dogo.

Memsahib akasema, "Wewe nampa yeye nini?"

Yaani ameacha wizi, amehamia sumu. Jana mpishi alikuwa anamnyima paka chakula, leo anamtilia kitu kwenye chakula.  Bwana Kiwiko akasema sumu haifanyi kitu kama hicho, sumu huua haraka au huharibu ini lote, haijengi donge likakua polepole upande mmoja. Memsahib akamjibu kwa Kizungu kwamba yeye ni mgeni, hawajui hawa watu.

Basi Bwana Kiwiko akaeleza tena, safari hii kwa Kiswahili, na Joash alijua anaelezwa yeye pia. Kwa kubonyeza, mtu anajua donge liko. Hajui ni la aina gani wala limeshika wapi. Ini la paka limegawanyika vipande kama vidole vya mkono. Donge likiwa kwenye kipande kimoja, kinafungwa kwa uzi shinani, kinakatwa, na ini lililobaki linaweza kufanya kazi. Likiwa limetapakaa kote, hakuna dawa, na ingekuwa huruma kumwacha asiamke. Kujua ni kufungua tu. Na paka ni mzee, anaweza kufa mezani.

Memsahib akamchukua paka wake. Akasema hapana, hakuna kisu, afe nyumbani kwa amani, atamzika chini ya mawaridi.

Hapo ndipo Joash alipozungumza, na hakupaza sauti. "Memsahib, ukimzika hivyo utanizika na mimi. Watu watasema mpaka nife kwamba nilimpa sumu. Mimi nina watoto. Fungua paka."

 Hakuna boi aliyewahi kumwambia Memsahib Penrose "fungua" au "funga." Alifungua mdomo, akaufunga. Bwana Kiwiko akasema kwa upole kwamba paka angekuwa wake, angejaribu. Ndipo akakubali, lakini kwa maneno yake mwenyewe: Joash aende naye Nakuru, amshike mwenyewe, aone kwa macho yake alichofanya, na ikionekana sumu, polisi.

Wakateremka kwa gari la Bwana Kiwiko, Memsahib mbele, Joash nyuma na Dachesi mapajani kwenye gunia. Barabara nzima Memsahib hakugeuka. Joash alimtazama kisogo chake na kofia yake ya majani akawaza kwamba mtu anaweza kumpikia mwenzake kifungua kinywa miaka sita, ajue yai analitaka laini kiasi gani, ajue siku anazoumwa kichwa kwa jinsi anavyoacha mkate, na yeye mwenyewe asijue juu yako kitu hata kimoja isipokuwa kabila lako.

Chumba cha kazi cha Bwana Kiwiko kilinuka dawa ya kuulia wadudu. Memsahib alikaa nje barazani. Joash aliambiwa anawe, akanawa kama mpishi anavyonawa, mpaka chini ya kucha. Dawa ya kulaza ilimiminwa kwenye pamba, pamba ikawekwa kwenye kikombe cha bati, kikombe kikafunika pua ya paka. Dachesi alipigana kidogo, akamkwaruza Joash kifundo cha mkono, halafu akalegea kama nguo mbichi. Kazi ya Joash ilikuwa kushika miguu ya mbele na kuangalia mbavu: zikiacha kupanda na kushuka, aseme mara moja.

Tumbo likanyolewa, likapakwa dawa, likakatwa katikati. Joash amechinja kuku wasiohesabika, lakini hao aliwapasua wakiwa wamekufa. Huyu alikuwa hai, na ndani kulikuwa kunatingishika. Bwana Kiwiko akaingiza vidole viwili, akatoa pembeni kipande cha ini. Ini lenyewe lilikuwa na rangi yake ile nyekundu ya giza, isipokuwa pale kwenye ncha, ambapo palikaa donge la rangi ya majivu, lina vinundu, na mishipa midogo imelizunguka kama mizizi. Hakukuwa na samaki. Hakukuwa na sumu. Ilikuwa nyama ya paka mwenyewe, imeamua kumgeuka.

Halafu Bwana Kiwiko akafanya jambo lililomtia Joash jasho kuliko kukata: akapitia ini lililobaki, kipande kwa kipande, katikati ya kidole gumba na cha shahada, bila haraka, anatafuta mengine. Joash akijiambia, likiwa kote, paka haamki, na paka asipoamka Memsahib ataamini anachotaka. Akaomba. Aliomba Mungu juu ya ini la paka wa Mzungu, na hakuona haya.

"Safi," Bwana Kiwiko akasema. "Mbavu?"

"Zinakwenda, bwana."

Akafunga shina la kipande kibovu kwa uzi, akakaza, akafunga tena, akakata. Damu ikatoka, akabana na pamba, akangoja, ikaacha. Akashona tabaka ya ndani, akashona ya nje. Donge likaenda kwenye bakuli jeupe.

Alitoka nalo barazani akamwonyesha Memsahib. Joash alibaki ndani na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa gunia, anampasha Dachesi ambaye alianza kutetemeka na kutapika mate. Lakini dirisha lilikuwa wazi. Alimsikia Bwana Kiwiko akisema kwa Kizungu, wazi kabisa, kwamba huu ni ugonjwa, umekua wenyewe, hakuna binadamu aliyeuweka. Kwamba paka akiwa na donge hili hukonda hata umlishe nini. Kwamba linaweza kurudi, hawezi kuahidi, lakini mpishi alipomleta alimletea muda. Na akasema kama si mpishi, paka angekuwa kaburini Agosti.

Joash akangoja. Alisikia Memsahib akilia. Alimsikia akisema maskini Dachesi, maskini mtoto wangu. Alisikia kitambaa cha pua. Hakusikia kitu kingine.

Akajiambia labda si hapa. Hakutukaniwa Nakuru, alitukaniwa Njoro, uani. Kule kwao mambo yako hivyo: neno baya likisemwa mbele ya watu linarudishwa mbele ya watu walewale, vinginevyo linabaki limesimama kama mti. Angoje.

Alingoja, huku akimchemshia paka kuku, anamchambua nyuzi nyuzi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kama alivyoagizwa. Notisi haikutajwa tena. Nyuzi za mshono zilipotolewa, Dachesi alikuwa anapanda madirishani. Na asubuhi moja Memsahib akatoka kwa mlango wa jikoni na paka kifuani, akaita watu wote uani. Joash akajiambia ndiyo leo. Akanawa unga, akavaa kofia vizuri, akatoka akasimama.

Memsahib akamwinua Dachesi mbele ya watu wote, akambusu katikati ya masikio. "Pole sana, mama," akamwambia paka. "Mimi hapana jua wewe iko gonjwa. Pole, pole sana." Akawageukia watu, anacheka kwa furaha: "Yote naona? Sasa yeye mzuri. Haya, kazi. Joash, chai."

Akamwomba paka msamaha. Mbele ya mashahidi.

Joash hakwenda kupika chai. Alisema, "Memsahib, pole hiyo imepita nyumba. Siku ile ulisema mbele ya hawa kwamba nilikula. Sema mbele ya hawa kwamba sikula. Neno moja, halafu chai."

Memsahib akashangaa kweli kweli, kama kiti kimeongea. Akasema mambo yamekwisha, kazi yake anayo, na mwezi ujao atamwongeza mshahara. Joash akasema hakuomba mshahara. Memsahib akasema yeye hawezi kusimama uani kuomba radhi kwa boi. Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba maji hayapandi mlima.

Joash akafungua eproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya ngazi. Akachukua sanduku lake, akalifunga kwenye baiskeli.

Kipketer alimkuta kwenye lango la shamba. Alikuwa amekimbia. Akasema asiende hivyo, watu wote wanajua hakula yule samaki, wao walijua tangu mwanzo.

Hasira yote ya miezi ile ikapata mlango. "Mlijua," Joash akasema, "na mlicheka. Yule mama hanijui, anaona Mjaluo na samaki, basi. Ninyi mnanijua. Mmekula kwa mkono wangu. Kule Nakuru wamenitoa kwenye darasa langu kwa mdomo wako, si wa Memsahib. Yeye hajui hata Bondeni iko wapi."

 Joash akapanda baiskeli.

Jumamosi iliyofuata alikaa kanisani kwenye benchi ya nyuma, na Akeyo upande wa wanawake anatazama magoti yake. Mtu mwingine alikuwa anafundisha darasa la wanaume, anasoma vibaya. Katikati ya somo mlango ukasukumwa. Ni Kipketer, na gambuti zake za kukamulia, kanzu ya jikoni ya mtu mwingine ameivaa juu ya kaptula ili aonekane nadhifu. Si mtu wa Sabato, si mtu wa kanisa lolote. Watu wakageuka. Mzee Kang'ethe akamwuliza kwa heshima anamtafuta nani.

Kipketer akasema anatafuta watu waliosikia habari za samaki wa paka. Alisema ni yeye aliyeyatia maneno hayo kwenye lori, kwa mchezo. Alisema paka alikuwa na uvimbe kwenye ini, umekatwa, daktari ameusema, dereva wa lori akiulizwa atasema hivyo hivyo. Alisema Joash Obura hajawahi kula mumi, wa paka wala wa mtu, na kwamba siku zote akimpika alikuwa anaangalia nje ya dirisha kama bibi harusi. Kisha akabaki amesimama pale mlangoni.

Kanisa zima likamtazama Joash. Mzee Kang'ethe akaenda polepole kwenye kiti cha mwalimu, akakisogeza kidogo kumwelekea. Akeyo aliinua uso.

Joash hakuwa ameacha hasira, na sidhani aliiacha kamwe. Aliinuka, akapita katikati ya benchi, akamfikia Kipketer mlangoni. Wengine walidhani atampiga, wengine walidhani atamkumbatia.

"Vua hizo gambuti," akamwambia. "Watu wanafagia hapa." Halafu akaenda mbele, akafungua Biblia, akawauliza wanaume walikuwa wamefika mstari gani.